Jiji, Manispaa, sheha: nani wa kumuuliza?

Barua za wiki hii karibu zote zimezungumzia mabaraza yetu ya serikali za mitaa hapa Zanzibar na sheria zinazoyaongoza. Nimechukua tano.

Maalim, assalaam alaykum. Sisi vijana wa mtaa mmoja wa Fuoni tunataka kuomba kontena la taka. Wengine wanasema tuende Jiji, wengine Manispaa. Tushike njia ipi? – Mkaazi wa Fuoni

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nendeni Manispaa. Fuoni imo Wilaya ya Magharibi B, na wilaya hiyo ina Baraza lake la Manispaa. Jiji la Zanzibar limejumuisha manispaa tatu, yaani Mjini, Magharibi A na Magharibi B, lakini taka za mtaani zinaanzia kwenye manispaa yenu.

Sishangai kuwa mmechanganyikiwa, maana mambo haya yamebadilika tukiyaona. Tulikuwa na sheria mbili, zote za 1995. Namba 3 ilikuwa ya Manispaa ya Zanzibar peke yake, na Namba 4 ilikuwa ya halmashauri za wilaya pamoja na mabaraza ya miji: Wete, Chake Chake na Mkoani. Sheria Namba 7 ya 2014 ikazifuta zote mbili na kuweka halmashauri ya wilaya, mji, manispaa na jiji chini ya sheria moja. Magharibi nayo ikagawiwa A na B. Mtu aliyehamia Fuoni zamani amebadilishiwa baraza naye hajahama nyumba.

Andikeni barua nakala mbili. Moja waachieni, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo.

Maalim, mimi nauza samaki. Kila siku nalipa ushuru. Mwezi uliopita mtozaji kaja na bei mpya. Nikamuuliza imetoka wapi, akaniambia "imepitishwa." Nakutumia picha ya risiti. – Mama muuza samaki, Pemba

Picha nimeiona, bibi yangu, na nimeitazama kwa muda mrefu. Ni kipande cha daftari la skuli, kimekunjwa mara nne, na alama ya maji ya samaki iko pembeni. Kina nambari moja tu iliyoandikwa kwa kalamu. Hakina jina la baraza, hakina tarehe wala muhuri. Hiyo si risiti, na mtu aliyekupa alijua hivyo.

Shika neno hili: baraza haliwezi kukutoza kitu kwa sababu tu mtu amesema "imepitishwa." Ushuru wa soko au wa diko, pale samaki wanaposhushwa pwani, lazima uwe na sheria ndogo. Baraza linaiandaa na madiwani wanaijadili na kuipitisha. Kisha inapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aikubali, na inatangazwa katika Gazeti Rasmi. Ikikwama popote kabla ya hapo, bado ni mapendekezo, na mapendekezo hayalipiwi.

Kwa hivyo mtozaji akija kesho, muulize mambo mawili, kwa upole na mbele ya wenzako. La kwanza, sheria ndogo gani, ya mwaka gani? La pili, risiti yenye jina la baraza iko wapi? Akiwa nayo, lipa. Masoko yanasafishwa kwa fedha hizo, na mimi sikubaliani na wanaosema tusilipe kabisa. Akiwa hana, chukua jina lake, mtafute diwani wa wadi yako na umwoneshe kipande hicho hicho ulichonipigia picha. Usikitupe.

Najua utaniambia mtozaji atakukasirikia, na kesho atakusumbua mahali pa kuweka beseni lako. Ndiyo maana nasema msiende mmoja mmoja. Wanawake kumi wa diko moja wakiuliza swali moja siku moja, hapatakuwa na wa kusumbuliwa peke yake.

Bara watu walipiga kura Novemba 2024 kuchagua wenyeviti wa mitaa na vijiji. Mbona sisi sheha, msimamizi wa mtaa au kijiji, anateuliwa? – Kijana wa Micheweni

Kwa sababu serikali za mitaa si jambo la Muungano. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 145, imewaachia Bunge na Baraza la Wawakilishi kila mmoja atunge sheria ya upande wake. Bara wanatumia sheria zao za 1982. Sisi, sheha hateuliwi kwa Sheria Namba 7 ya mabaraza. Yumo katika Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 8 ya 2014, na anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kwa maana hiyo, sheha ni mkono wa Serikali kuu uliofika mtaani. Uliyemchagua wewe ni diwani.

Maoni yangu nayasema wazi: sheha ndiye anayetujua kwa majina, ndiye anayetuandikia barua, ndiye wa kwanza kugongewa mlango usiku. Mtu wa karibu namna hiyo angefaa apigiwe kura na watu wa shehia yake. Hilo linahitaji sheria ibadilishwe, na muulizaji wa mwisho ameuliza jambo linalohusu hapo hapo.

Nyumba ya marehemu babu iko Shangani. Kibali cha kubadilisha dirisha kinatoka barazani? – Mjukuu

Anzia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ipo tangu 1985 na ina sheria yake ya 2010. Usimruhusu fundi aguse hata bawaba kabla ya kibali.

Nasoma sheria. Mswada wa kurekebisha sheria ya mabaraza ukija, mtu wa kawaida anaingia wapi? – Mwanafunzi, Tunguu

Anaingia mapema, au haingii. Mswada huchapishwa kwanza katika Gazeti Rasmi. Husomwa mara ya kwanza katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, halafu huenda kwenye kamati ya Baraza hilo. Hapo kwenye kamati ndipo wadau husikilizwa. Ukirudi ukumbini kusomwa mara ya pili, maneno yanakuwa ya wajumbe. Husomwa mara ya tatu, kisha hupelekwa kwa Rais autie saini.

Wengi wetu husikia habari ya mswada redioni siku ya mjadala, na wakati huo kamati imeshamaliza kazi yake. Soma Gazeti Rasmi kila linapotoka. Wewe mwanafunzi hilo unaliweza, na unaweza kumsomea jirani asiyeliona. Ukiandikia kamati, ukurasa mmoja unatosha: taja kifungu kwa namba yake, kisha uandike maneno unayotaka yawekwe mahali pake.