Silicon Valley haikukuzwa na soko huria peke yake

Mkuu, umeuliza kama Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia huko California, Marekani, ni tunda la soko huria tupu. Hapana, na inaniuma kila dai hilo linaporudiwa. Bonde la Santa Clara, ndilo hilo Silicon Valley, lilikuwa mashamba ya plamu na aprikoti. Mwaka 1957 wataalamu 8 walimkimbia bosi wao, William Shockley, wakaanzisha kampuni ya chipu (vipande vidogo vyenye saketi za umeme), Fairchild Semiconductor, kwa mtaji wa tajiri Sherman Fairchild. Sawa, huo ni ubepari. Lakini chipu zao za mwanzo zilikuwa ghali mno, nani angenunua? Serikali ya Marekani! Kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo, safari za Marekani za kwenda mwezini, ilikula chipu kwa maelfu, bei ikashuka, ndipo wateja wa kawaida wakaja. Kazi ya kuunganisha chipu hizo ikapelekwa Hong Kong, kwenye ujira mdogo.