Kadi kubadilika maandishi ikifika kwa mchapaji

Dada, unalalamika kwamba wachapaji wa Makoroboi wamekuharibia kadi ya harusi, maandishi yametoka tofauti na ulivyoyapanga. Hawajakuharibia kitu. Kadi uliitengeneza kwenye laptopu yako, ukawapelekea faili la Word. Kompyuta yao haina ile fonti (mtindo wa herufi) ya mikunjo uliyoandikia majina ya maharusi, basi programu ikachukua nyingine iliyo karibu bila kumuuliza mtu. Herufi za fonti mpya ni pana zaidi, ndiyo maana jina la mahali, "Nyegezi", likarukia mstari wa pili na ramani ikasukumwa ukurasa wa nyuma.

Dawa ni kupeleka PDF, yaani faili linalobeba mpangilio kama ulivyouacha. Kabla ya kutoka nyumbani ifungue, ingia kwenye sifa za faili, sehemu ya fonti: kila jina la fonti liwe na neno la kuonyesha imepachikwa, yaani imewekwa ndani ya faili lenyewe. Lisilo nalo ndilo litakalokutia aibu.

Wakitaka Word ili wasahihishe tarehe, nenda kwenye mipangilio ya kuhifadhi, weka tiki ya kupachika fonti. Ila baadhi ya fonti leseni yake hairuhusu. Hapo jina la maharusi peke yake ligeuze kuwa picha, tena kubwa, lisije likatoka na ukungu.