Ukianza kuusoma msimu wa vimbunga vya Atlantiki, usianzie baharini

Wengi wenu mnaoingia kwenye kazi hii hufungua ramani ya joto la bahari kabla ya kitu kingine chochote. Hata mimi nilianza hivyo, na iliniponza. Mwaka 2013 nilikuwa bado mgeni, nikichambua msimu wa Atlantiki kwa ajili ya watu wa bima. Dalili za mwanzoni mwa mwaka zilikuwa nzuri kwa vimbunga: maji yalikuwa na joto kupita wastani na El Niño haikutarajiwa. Watabiri wakubwa walitegemea msimu mkali; Chuo Kikuu cha Colorado State cha Marekani kilitaja dhoruba 18 zenye majina, tisa kati ya hizo zifikie kimbunga, yaani upepo wa takriban kilomita 119 kwa saa kwenda juu. Nikaandika ripoti kwa kujiamini sana. Novemba 30 msimu ulifungwa na dhoruba 13, lakini vimbunga vilikuwa viwili tu, na hakuna hata kimoja kikubwa, yaani cha daraja la tatu kwenda juu kati ya matano.

Nilirudia ramani zangu kwa siku nyingi. Bahari peke yake haikutosha kunieleza. Hewa ya katikati, kilomita kadhaa juu ya maji, ilikuwa kavu, na mawingu ya radi yalichipuka asubuhi yakafa kabla hayajajikusanya. Mimi sikuwa nimeitazama kabisa.

Ni kweli kimbunga hulishwa na maji yenye joto la nyuzi 26 na nusu kwenda juu. Ila mkumbuke kwamba ifikapo Agosti na Septemba, sehemu kubwa ya bahari kati ya Afrika Magharibi na Karibi huwa imeshafika hapo karibu kila mwaka. Joto la ziada huongeza nguvu, sikatai, lakini ruhusa ya kutumia nguvu hiyo hutolewa na hewa. Kwa hiyo anzeni juu, ndipo mshuke.

Cha kwanza kutazama juu ni tofauti ya upepo. Dhoruba husimama wima, na joto linalotoka mvuke unapogeuka mvua linatakiwa libaki juu ya kitovu chake. Upepo wa kilomita 12 juu ukivuma kwa kasi au upande tofauti sana na ule wa karibu na maji, kichwa cha dhoruba husukumwa mbali na kiwiliwili. Kwenye picha za setilaiti utaona kizunguzungu cha mawingu mepesi kimebaki uchi upande mmoja, na ngurumo zote zimekimbilia upande wa pili. Ukiiona picha hiyo, usiogope joto la maji chini yake.

Hapa ndipo El Niño inapoingia. Pasifiki ya kati na mashariki ikipata joto, mawingu makubwa huhamia huko, na pepo za magharibi za juu huongezeka nguvu zikivuka Karibi na kukatakata dhoruba zinazojaribu kusimama. Msomaji wa Mombasa au Morogoro anaijua El Niño kwa sura nyingine kabisa: mvua za vuli zisizokatika, madaraja kusombwa, mashamba kugeuka ziwa. Mwishoni mwa 1997 Afrika Mashariki ilikuwa inazama kwenye mafuriko, na mwaka huohuo Atlantiki ilipata vimbunga vitatu tu. Kwa La Niña, yaani Pasifiki hiyo ikipoa, mambo hugeuka: kwetu vuli mara nyingi hupungua, Atlantiki hufunguka. Lakini msiigeuze hii kuwa kanuni ya chuma. Mwaka 2023 El Niño ilikuwa na nguvu, na bado zilihesabiwa dhoruba 20, kwa sababu Atlantiki yenyewe ilikuwa na joto ambalo halijawahi kupimwa.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii ni kwamba vimbunga vingi vya Atlantiki vina asili ya bara letu. Sahara ni kavu na ya moto. Pwani ya Guinea ni ya unyevu na yenye joto pungufu. Tofauti hiyo huzaa mkondo wa upepo unaotiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, kilomita tatu au nne juu ya ardhi. Mkondo huo hujikunja kama kamba inayotikiswa, na mikunjo yake ndiyo mawimbi ya pepo za mashariki. Mengi huanza pale ngurumo zinapoibuka juu ya milima ya Darfur na nyanda za juu za Ethiopia. Takribani mawimbi 60 huvuka kwenda baharini kila mwaka. Mengi hupita bila kuacha alama, ila karibu asilimia 85 ya vimbunga vikubwa vya Atlantiki hutokana nayo.

William Gray, mtaalamu wa Colorado State aliyeanza kutoa utabiri wa msimu huu mwaka 1984, alionyesha uhusiano wa karibu kati ya mvua za Sahel, ukanda ulio kusini mwa Sahara, na vimbunga vikubwa. Ukame mkali wa Sahel wa miaka ya 1970 na 1980 ulikwenda sambamba na Atlantiki iliyopoa. Kuanzia 1995 bahari iliamka tena. Wapo wanaosema ni mzunguko wa asili wa bahari, wapo wanaosema ni moshi wa viwanda vya Ulaya na Amerika uliokuwa ukizuia jua kisha ukapungua. Mimi naona vyote viwili vina sehemu yake, na kijana anayeanza asilazimishwe kuchagua kambi.

Pamoja na mawimbi hutoka vumbi. Hewa kavu ya Sahara hupaa juu ya bahari ikiwa na mchanga mwembamba, na wimbi likiimeza, ngurumo zake hunyauka. Juni na Julai vumbi hili ndilo sababu mojawapo ya ukimya, na ndiyo maana kilele cha msimu ni karibu Septemba 10 ingawa msimu hufunguliwa Juni 1.

Jifunzeni pia kusubiri. Mwaka 2024 kimbunga Beryl kilifika daraja la tano mwanzoni mwa Julai, mapema kuliko kingine chochote kilichowahi kurekodiwa. Kisha, baada ya kimbunga Ernesto cha Agosti, zikapita karibu wiki tatu bila dhoruba mpya, katikati ya kipindi ambacho bahari huwa imechafuka zaidi. Mawimbi yalikuwa yakitoka Afrika yakipitia kaskazini mno, yakiangukia kwenye hewa kavu na maji yenye ubaridi. Niliwasikia wenzangu wakisema msimu umekufa. Septemba 26 dhoruba Helene ikapiga Florida na mvua zake zikaangamiza watu hadi milimani North Carolina. Oktoba 9 ikafuata Milton.

Mwisho, msichanganye msimu wenye shughuli nyingi na msimu wenye maafa mahali fulani. Mwaka 2010 kulikuwa na vimbunga 12, na hakuna hata kimoja kilichotua Marekani kikiwa na nguvu za kimbunga. Mwaka 1992 ulikuwa wa kimya. Dhoruba ya kwanza kupewa jina ilichelewa hadi katikati ya Agosti. Jina lenyewe lilikuwa Andrew, na wiki moja baadaye ilifika kusini mwa Florida ikiwa ya daraja la tano, ikavunja makumi ya maelfu ya nyumba.

Siku hizi idadi ya msimu naiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, na sentensi inayofuata inasema kwamba idadi hiyo haionyeshi kimbunga kitatua wapi. Mkubwa mmoja aliwahi kuniomba niifute, akidai inawachanganya wateja. Sijaifuta.