Kilimo hai cha korosho na ufuta huku Kusini mwa Tanzania: serikali inakusaidia hadi wapi?

Mkuu, umeuliza kama ukiacha dawa za viwandani kwenye mikorosho yako ya Newala utapata msaada wa serikali. Msaada upo, ila unaishia shambani. Ukifika ghalani uko peke yako.

Mimi nina mikorosho Masasi na ufuta upande wa Nachingwea. Tuanze na pembejeo za ruzuku. Salfa ya unga, ile ya ugonjwa wa ubwiri unga, haikuharibii kitu. Viwango vya kilimo hai vinairuhusu ikiwa haijachanganywa na kingine. Tatizo ni dawa za viwandani za maji. Ukizipokea, hata ukimpa shemeji, jina lako limebaki kwenye orodha na mkaguzi wa kilimo hai ataliona. Zikatae, na kukataa kwako kuandikwe. Jirani anayepuliza naye mtazame: mistari ya mpakani ivune kando, usiichanganye.

Kwa mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, watunze maji moto, yaani siafu wekundu wa mitini. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewafanyia kazi miaka mingi na wanawakamata kweli wale mbu. Waokotaji watakulalamikia kwa kung'atwa, wavumilie tu.

Sasa ghalani. Msimu mmoja nilipeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, korosho nilizozitenga tangu kuokota, kavu, kwenye magunia yangu safi. Karani akatoboa gunia, akatazama punje, akapima, akaandika daraja la kwanza. Kisha vijana wakazimwaga kwenye turubai moja na za watu wengine wapate kujaza magunia ya mnada. Hapo kilimo hai kikafa, na hakuna aliyekosea, maana fomu ina sehemu ya kilo na daraja tu. Mnunuzi mnadani anaona tani, ghala na daraja. Bei ya ziada ataitoa kwa lipi?

Sisemi turudi kwenye kangomba, kule kuuzia walanguzi kwa bei ya kutupa, jamani. Stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kuuza kupitia ghala na mnada, tangu 2007 imetuokoa na mengi. Ila Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 hadi 2030 tayari upo, na jambo la kwanza ambalo mkulima angelihisi mfukoni ni loti ya kilimo hai, yaani fungu lake la peke yake, kwenye ghala na mnada. Hilo si la gharama kama kununua salfa.

La pili ni cheti. Cha kuuzia Ulaya ni ghali, kwa hiyo zamani mara nyingi kampuni ililipia kikundi, na cheti kikawa chake. Kampuni ilipoondoka, korosho zako zilirudi kuwa za kawaida siku hiyohiyo. Sasa kanuni mpya za Ulaya zinataka cheti kiwe cha kikundi cha wakulima chenyewe, kwa hiyo ruzuku ingelipia ukaguzi tungekuwa mbali. Kwa soko la ndani kuna nembo ya Kilimohai, yenye utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe. Ni nafuu, lakini wanunuzi wa korosho ghafi hawaiulizi.

Kwa hiyo kwako: anza na ufuta. Haudai dawa nyingi, na kipindi cha mpito, yaani muda wa kusubiri kabla zao halijakubaliwa kuwa la kilimo hai, ni kifupi kuliko cha mikorosho, ambayo kwa soko la Ulaya husubiri miaka 3. Tafuta wenzako wa kujaza gari, kisha ajenda ya loti ya peke yake ipelekeni kwenye mkutano mkuu wa AMCOS kabla ya msimu, afisa ushirika akiwepo. Msimu ukishaanza hakuna atakayewasikiliza.