Jibu: Binti yangu hataki kula, ni kiburi au karogwa?

Shikamoo mama. Umeuliza kama binti yako wa kidato cha tatu, anayeacha ugali na mlenda mezani akisema kashiba, ana kiburi au karogwa. Kwa ulivyoeleza, yaani amekonda lakini bado anajiona mnene, hedhi imekata, anavaa sweta hata jua la Oktoba, mimi nahofia anoreksia.

Ni ugonjwa wa akili. Njaa wengi wanaisikia, ila hofu ya kunenepa inaizidi nguvu, ndiyo maana kumgombeza hakusaidii. Huku kwetu Dodoma tumezoea mtoto asiyekula kwa kuwa ghala ni tupu, kwa hiyo huu unatupita machoni. Una ndugu yake, bulimia: mtu hula kupita kiasi kisha hujitapisha kwa siri, na uzito wake unaweza kuwa wa kawaida kabisa.

Mpeleke hospitali wiki hii, ya mkoa au Benjamin Mkapa, wapime mapigo ya moyo, presha na madini ya damu kama potasiamu. Akizimia, usingoje kesho. Na usimshindilie chakula ghafla! Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa kwa mpigo, madini ya fosfati hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Daktari ndiye apange kiasi.

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, nao wanaona wagonjwa wa nje. Jina lisikutishe mama, ni sisi wenyeji tuliolichafua kwa utani.