Re: Kuandika mambo matatu mazuri kila usiku, kunasaidia kweli?

Mdogo wangu, umesema umejaribu siku nne na unajikuta unarudia "nashukuru uzima" tu. Zoezi linasaidia, ila umeacha nusu yake. Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walipolipima huko Marekani, kwenye utafiti wa mwaka 2005, watu waliandika pia kwa nini kila jambo limetokea, kwa wiki nzima. Miezi sita baadaye bado walikuwa na furaha zaidi, hasa walioendelea wenyewe.

Basi shuka kwenye vitu vidogo. Jana niliandika: konda alinishikia ndoo ya dagaa mpaka nikashuka. Kwa nini? Nilimsalimia nilipopanda, akaitikia "shikamoo mama". Kuandika hilo kulinirudishia uso wake, nikalala vizuri.

Barua ya shukrani unayomsomea mtu ana kwa ana ina nguvu zaidi mwanzoni, ingawa kwenye utafiti ule ilififia kufikia miezi mitatu. Mimi nilimsomea shangazi aliyenilipia ada. Tulilia wote wawili.

Lakini kama huzuni imekukaa wiki kadhaa, huli wala hulali, daftari halitoshi. Nenda kamwone daktari, tafadhali.