Hatua za kusanifu barabara kwa Civil 3D baada ya kupokea pointi za mpima ardhi

Ndugu yangu uliyeuliza, swali lako nimelielewa hivi: umejifunza Civil 3D, programu ya kompyuta ya kusanifia barabara, kwa kutazama video, umekabidhiwa faili la pointi za barabara ya kilomita 3 huku kwetu Malindi inayotakiwa kutiwa lami, ukachora mstari wa kati siku hiyo hiyo, na sasa korido, yaani umbo zima la barabara ndani ya programu, inatoka na kingo zilizokatikakatika. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe nikifanya kazi upande wa Malindi na Magarini, na nitakawia zaidi mahali ambapo kosa huwa la gharama, yaani kwenye sura ya ardhi na kwenye maji.

Kabla ya mstari wowote, fungua mchoro kwa kiolezo cha mita, si cha futi, kisha uupe mfumo wa kodineti, yaani namba zinazoonyesha kila pointi iko wapi duniani. Malindi na Lamu zote ziko katika kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kwa hiyo namba ya mashariki inapaswa kuwa na tarakimu 6 na ya kaskazini tarakimu 7, zikianza na 96 kwa Malindi. Ukiona kinyume chake, basi safu mbili za faili zimebadilishana nafasi. Muulize mpima kama ametumia Arc 1960, mfumo wa ramani za zamani, au WGS 84, mfumo wa GPS, kwa maana tofauti kati ya mifumo hiyo miwili huku kwetu inakaribia mita 300, nayo inatosha kuipeleka barabara yako katika shamba la mtu mwingine. Muulize pia kimo cha pointi zake kimeanzia kwenye alama ipi ya kudumu. Kimo cha setelaiti ambacho hakijasahihishwa hakipimwi kutoka usawa wa bahari, na hapa pwani tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba shamba lililo juu ya ufuo husomeka kwa namba hasi, kana kwamba limezama. Nimewahi kupokea faili la namna hiyo likiwa limechanganywa na pointi zilizosahihishwa, na sura ya ardhi iliyotokea ilikuwa na majabali na mashimo ambayo hakuna mtu wa Mambrui aliyewahi kuyaona.

Sasa jenga sura ya ardhi, na hapa nakuomba usiharakishe hata kama bosi anakusubiri. Programu huunganisha pointi tatu tatu zilizo karibu na kutengeneza pembetatu, lakini haijui kwamba pointi hii na ile ziko kwenye kingo mbili za mtaro mmoja. Usipoichorea mistari ya kingo, ile ambayo sisi kazini huita breklaini, pembetatu itaruka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili na mtaro wenye kina cha sentimita 60 utafukiwa kwenye kompyuta bila mtu kushika koleo. Chora breklaini kwenye kingo za barabara iliyopo, kwenye kitako cha kila mtaro, juu na chini ya kila tuta. Weka mpaka wa nje, punguza urefu wa juu kabisa wa upande wa pembetatu ili programu isivute mistari mirefu mahali ambapo hakukupimwa, kisha washa mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ya kila sentimita 25 na uitazame kwa jicho la mtu anayeijua ile nchi. Kontua zikipanda na kushuka kama meno ya msumeno kwenye ardhi tambarare, kuna jambo.

Mimi nilifundishwa hili na barabara moja ya ndani, magharibi ya Mambrui. Pointi zilikuwa zimepimwa kila baada ya mita 50, na kwenye mchoro wangu sehemu ya cheneji 1+340, yaani kilomita 1 na mita 340 tangu mwanzo wa barabara, ilikuwa tambarare kama mkeka, hivyo nikaulaza mstari wa barabara karibu kabisa na ardhi ili nipunguze udongo wa kujaza. Nilipokwenda kuikagua njia kwa miguu, mzee mmoja aliyekuwa akiokota korosho alinisimamisha akaniuliza tunapima nini, nami nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, hapa masika maji yanalala. Hayapiti, yanalala." Kisha akanipeleka hadi kwenye nyumba yake ya udongo na kunionyesha ukutani mstari wa tope lililokauka, wa rangi ya kahawia iliyopauka, ulionyooka kuzunguka nyumba nzima kama uliopigwa kwa rula, juu kidogo ya goti langu. Tulirudi na leveli, kifaa cha kupimia vimo, kesho yake. Kati ya pointi mbili za mita 50 kulikuwa na bonde la upana wa mita 35 na kina cha sentimita 80 ambalo programu ililipita juu bila habari, na uso wa barabara niliokuwa nimeusanifu ulikuwa sentimita 20 chini ya alama ile ya tope. Tangu siku hiyo siombi pointi kwa umbali uliopangwa tu. Naomba kila mahali ardhi inapovunjika, na kila alama ya maji ambayo wenyeji wanaweza kuionyesha naiingiza kwenye mchoro kama pointi yenye jina lake.

Mstari wa kati unakuja baada ya hapo, nao ni kazi nyepesi ukiwa na mwendo wa usanifu, yaani mwendo ambao barabara inasanifiwa kwa ajili yake, mkononi. Nusu kipenyo cha chini cha kona hupatikana kwa kuchukua mraba wa mwendo na kuugawanya kwa 127 mara jumla ya mwinamo wa kona (lami inavyolala upande) na msuguano wa matairi. Kwa kilomita 60 kwa saa, mwinamo wa asilimia 6 na msuguano wa 0.15, unapata mita 135. Ingiza kanuni za mwongozo unaotumika kwenye mradi wako ndani ya programu ili ikuonye ukizikiuka, lakini usiridhike na kutoonywa. Kona mbili zinazopinda upande mmoja zikiwa na kipande kifupi cha mnyoofu katikati zinaweza kupita kila kipimo na bado zikamchanganya dereva usiku.

Profaili, yaani mkato wa barabara kwa urefu wake, ndipo barabara za pwani zinapopona au kufa. Watu wengi huvuta mstari wa usanifu ufuate ardhi ili hesabu ya kuchimba na kujaza ilingane. Kwenye vilima hiyo ni busara, lakini kwenye tambarare za kuelekea Gongoni na mashamba ya chumvi haifai. Ukitaka maji ya mtaro yatembee kwa mteremko wa asilimia 0.3 tu, unahitaji mita 3 za kushuka kwa kila kilomita, na mara nyingi mita 3 hizo hazipo. Kwa hiyo anza na kimo cha maji ya masika, inua tuta hadi sehemu ya chini ya tabaka za barabara ikae juu yake, nami kwenye ile barabara nilichukua sentimita 50, kisha tafuta mahali pa kuyatolea maji pembeni kila unapoweza. Kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, iwekwe pale ardhi inapotaka, na profaili ipande kuifunika. Ukifanya kinyume, utajikuta unalizika bomba chini ya mkondo. Binafsi sikubali bomba lenye kipenyo kisichofika milimita 600, kwa sababu mchanga wa huku huliziba na hakuna mtu anayeweza kulisafisha.

Kuna jambo moja hapa ambalo sijaliona likielezwa kwenye video nyingi. Barabara nyoofu ya lami huinama asilimia 2.5 kila upande, kwa njia ya mita 3 hiyo ni sentimita 7.5, na ukikaribia kona upande wa nje huanza kuinuliwa mpaka upite kwenye sifuri na kuendelea hadi mwinamo kamili. Pale kwenye sifuri maji hayana pa kwenda isipokuwa mbele au nyuma. Profaili nayo ikiwa haina mteremko mahali hapo hapo, umetengeneza dimbwi juu ya lami kwenye mlango wa kona, mahali ambapo dereva anaanza kugeuza usukani. Programu haitalalamika. Chapisha mchoro wa mwinamo chini ya mchoro wa profaili, cheneji kwa cheneji, na usogeze kimoja mpaka sifuri mbili zisikutane.

Sasa tuje kwenye korido yako. Asembli ni mkato mmoja wa barabara: njia, mabega, miteremko na mitaro, korido ni asembli hiyo ikitembezwa juu ya mstari wa kati na profaili. Iambie ikate kila mita 20 kwenye mnyoofu na kila mita 5 kwenye kona, na ongeza mikato kwenye kila kalvati na makutano. Mteremko wa mwisho lazima uelekezwe kwenye sura ya ardhi kama shabaha yake, na ardhi hiyo lazima iwepo. Fanya hesabu: nusu ya barabara pamoja na bega ni mita 4.5, tuta la mita 1.5 kwa mteremko wa 1 kwa 2 linaongeza mita 3, mtaro unaongeza mita 2, na tayari umefika mita 9.5 kila upande.

Kwenye ujazo wa udongo, linganisha ardhi na sura ya chini ya tabaka, si sura ya juu ya lami. Tabaka za sentimita 45 kwa upana wa mita 9 na urefu wa kilomita 3 ni mita za ujazo 12,150, na ukikosea utazilipia mara mbili, mara ya kwanza kama udongo wa kujaza na mara ya pili kama kokoto. Chagua mikato miwili, pima maeneo yake kwa mkono, zidisha wastani kwa umbali, uone kama unakaribia jibu la programu. Michoro ya kuchapisha itajipanga yenyewe baada ya hapo.

Umeandika kwamba mpima alikupa ukanda wa mita 7 kila upande. Korido yako inakatikia hapo, kila mahali tuta linapoinuka. Mrudishe shambani apime hadi mita 15, na aende na mtu wa pale anayekumbuka maji yalifika wapi.